Msiba Usio na Matanga

Kwetu mtu akifiwa, watu huja. Hawaalikwi, huja. Turubai hufungwa uani, mikeka na majamvi hutandikwa, sufuria kubwa ya jumuiya hubebwa kichwani mpaka mlangoni. Wanaume hukaa nje na wanawake ndani, na kwa siku tatu, au saba, au arobaini, kila nyumba na desturi yake, mfiwa haachwi peke yake na jambo lililompata. Wapo wanaolia pamoja naye. Wapo wanaokaa tu, hawana la kusema, na kukaa kwao ndiko kunakomshikilia asianguke.

Najiuliza ni nani anayemkalia matanga mtoto aliyefiwa na utoto wake mwenyewe.

Namsema yule anayerudi nyumbani jioni akiwa mzima. Sare haijachanika. Madaftari yamo mkobani. Anaamkia shikamoo kama alivyoamkia jana, anakula nusu ya chakula chake, anasema ameshiba, anakwenda kulala mapema. Kitu chake kimechukuliwa na mtu aliyekabidhiwa kumtunza: padre au mchungaji, ustadhi wa madrasa, mwalimu wa bweni, kocha, mlezi wa kituo cha yatima. Lakini hakuna maiti, hakuna jeneza, hakuna kaburi. Na pasipo maiti, nani atapiga hodi aseme pole?

Hata yeye hajui afanye nini na alichopotelewa nacho. Atakililiaje kitu ambacho hajapata kufundishwa jina lake?

Mzazi anapomfikisha mtoto mbele ya mwalimu huwa hasemi mengi. Mwalimu, huyu sasa ni mwanao. Anamwachia godoro, ndoo, mche wa sabuni, fedha kidogo za matumizi, anageuka, anarudi stendi kuwahi basi. Katika maneno yale machache mna imani ambayo hakuna mkataba wenye mihuri unaoweza kuibeba. Amekabidhi ulezi wote: haki ya kukemea, haki ya kufariji, haki ya kumwamsha mtoto usiku anapoweweseka. Mtoto naye amesikia. Anajua kuanzia pale kwamba likimpata jambo, mlango wa kukimbilia ni ule wa mwalimu.

Je, mlango ule ukiwa ndio penye hatari, akimbilie wapi?

Swali hili halina nchi wala dini. Limeulizwa kwa Kiingereza, kwa Kifaransa, kwa Kijerumani, kwa Kiswahili, na mara nyingi zaidi halikuulizwa kwa lugha yoyote.

Kuna mji huko Australia uitwao Ballarat, katika jimbo la Victoria, mji uliokuzwa na dhahabu ya miaka ya 1850. Kwa miongo kadhaa ya karne iliyopita watoto wa mji ule walidhulumiwa kingono na mapadre na mabruda waliowafundisha kusoma, kuandika na kusali. Mmoja wao, Padre Gerald Ridsdale, alihamishwa parokia moja baada ya nyingine, huku askofu wake, Ronald Mulkearns, akijua malalamiko yaliyokuwa yakimfuata. Hukumu ya kwanza ya Ridsdale ilikuja mwaka 1993. Alikufa mwaka 2025 akiwa mfungwa, mzee wa miaka tisini. Miongoni mwa wavulana wa shule za mji ule wako waliojiua walipokuwa watu wazima, kabla nchi yao haijaanza kuuliza kulikoni.

Mei 2015, Tume ya Kifalme iliyoundwa kuchunguza maovu hayo nchi nzima ilikwenda Ballarat kuwasikiliza walionusurika. Siku zile watu wa mji wakaanza kufunga tepe kwenye uzio wa shule ya Mtakatifu Alipius, mojawapo ya shule hizo. Utepe mwekundu, wa samawati, wa manjano, wa zambarau. Mwingine umeandikwa neno, mwingine hauna kitu. Mtu anakuja, anaukunja utepe kwenye chuma cha uzio, anakaza fundo, anasimama kidogo, anaondoka. Halafu mwingine. Baadaye tepe zikaenea mpaka kwenye uzio wa kanisa kuu la mji, na kutoka hapo kwenye nyua za makanisa na shule za miji mingine.

Nimezitazama sana picha za uzio ule. Nadhani ninachokiona ni watu waliogundua, baada ya miaka arobaini, kwamba palikuwa na msiba na hawakwenda. Wamekuja sasa. Wamechelewa, hawana pa kukaa, hawajui wamkabili nani, basi wanafunga kitambaa kwenye chuma. Je, hayo ni matanga? Je, aliyekuwa mtoto wa miaka minane mwaka 1971, akipita pale na gari leo akiona rangi zile zinapepea, anasikia kitu kikitulia ndani yake, au anasikia jeraha likifunguka upya?

Sina jibu. Pengine yote mawili, kwa mtu mmoja, kwa siku moja.

Tume ile ilitangazwa na Waziri Mkuu Julia Gillard mnamo Novemba 2012, na ikakabidhi ripoti yake Desemba 2017: juzuu 17. Ndani ya miaka ile ilifanya vikao vya faragha zaidi ya 8,000. Kikao cha faragha kilikuwa chumba, kamishna mmoja au wawili, na mtu aliyekuja kusema. Hakuapishwa. Hakubanwa maswali na wakili. Hakuambiwa alete ushahidi. Alipewa kama saa moja, akasikilizwa.

Saa moja, kwa jambo lililokaa kifuani nusu ya umri. Ni kidogo mno. Ila walikuwako ambao hiyo ndiyo ilikuwa saa ya kwanza, katika maisha yao yote, mtu mwenye cheo kuketi mbele yao na kutaka kujua.

Katika hesabu zote za ripoti ile kuna moja hainitoki kichwani. Waliozungumza katika vikao vya faragha walichukua kwa wastani miaka 23.9 kabla ya kumwambia mtu yeyote yaliyowapata. Wanaume walichukua mingi zaidi kuliko wanawake.

Mtoto wa miaka kumi, basi, anasema akiwa na thelathini na nne. Katikati hapo anaishi nani? Balehe inapita, mitihani inapita, kazi ya kwanza inapatikana na kupotea. Inakuja harusi, na usiku wa harusi mwili unakumbuka kitu ambacho mdomo umekataa kukitaja. Anazaliwa mtoto wake mwenyewe, anakua, anafikia umri uleule, na baba mtu anaanza kuamka saa nane za usiku kwenda kumchungulia, hajui anamlinda na nini. Wengine wanaingia kwenye pombe. Wengine wanaingia gerezani, na tume ilibidi iwafuate hukohuko kuwasikiliza. Mke anauliza, una nini wewe? Hana kitu. Majirani wanasema ni mkali, ni mlevi, ana hasira za karibu. Wanazijua tabia zake zote. Hakuna anayejua kuwa wanamtazama mfiwa.

Tunapoomboleza mtu, huwa tunamjua tunayemlilia. Tunayo sauti yake masikioni, tunao mwendo wake, tunayo kanzu yake inayoning'inia nyuma ya mlango. Huyu analia nini? Analilia mtu ambaye angekuwa yeye. Mtu ambaye hakuwahi kuwako, hana picha ukutani, hana hata kanzu. Namna gani unamzika asiyezaliwa?

Nilisoma shule ya bweni. Palikuwa na mwalimu aliyependwa, mwenye redio chumbani kwake na biskuti za kugawa. Muhula mmoja tulirudi hatukumkuta, tukaambiwa amehamishwa. Muhula uleule mvulana mmoja wa kidato cha kwanza naye hakurudi. Godoro lake lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba, limeachwa juu ya chaga za kitanda cha chini karibu na dirisha, na tranka lake lilichukuliwa baadaye na mjomba wake ambaye hakutazamana na mtu. Hakuna aliyeyaunganisha mambo yale mawili kwa sauti. Tulikuwa watoto, tulijua bila kujua. Kitanda kile kilikaa wazi mpaka katikati ya muhula, na hatukupigania kukipata, ingawa kilikuwa penye upepo.

Mpaka leo sijui mvulana yule alikwenda wapi. Najua mwalimu alikwenda wapi. Alikwenda shule nyingine.

Barua ya uhamisho ni karatasi ya kawaida mno. Nembo juu, kumbukumbu namba, tarehe, na sentensi mbili tatu za adabu: umehamishiwa kituo kifuatacho, uripoti ifikapo tarehe fulani, nakutakia kazi njema. Chini, saini na mhuri wa zambarau. Kila mtumishi ameishika mkononi. Hakuna mtoto anayetajwa humo. Ukiisoma mara mia hutaona damu, hutaona machozi, hutaona godoro lililokunjwa. Na bado naona kwamba sehemu kubwa ya maangamizi haya imebebwa na karatasi ile, kuliko hata na mikono ya waliotenda. Mtenda ni mmoja. Karatasi ile imepita mezani kwa wangapi?

Huko Boston, Marekani, Padre John Geoghan alikuwa akitolewa parokia hii na kupelekwa ile kwa miaka, mara likizo ya ugonjwa, mara matibabu, mara kituo kipya chenye watoto wapya. Januari 2002 gazeti la Boston Globe lilipoanza kuchapa habari zake, watu zaidi ya 130 walikuwa wamejitokeza kusema aliwadhulumu. Mwezi Desemba mwaka huohuo Kadinali Bernard Law alijiuzulu uongozi wa Jimbo Kuu Katoliki la Boston. Baadaye alipewa basilika kubwa mjini Roma aiongoze.

Uhamisho wakati mwingine huvuka bahari, na sisi wa bara hili twapaswa kulitazama hilo kwa macho makavu. John Smyth alikuwa wakili wa Uingereza aliyewatesa wavulana aliokutana nao kupitia kambi za Kikristo. Mwaka 1982 iliandikwa ripoti ya siri kuhusu matendo yake, watu wachache wakaisoma, wakanyamaza. Mwaka 1984 alihamia Zimbabwe, akafungua kambi nyingine, za wavulana wengine. Desemba 1992 kijana wa miaka 16 alikutwa amekufa katika bwawa la kuogelea la kambi yake. Smyth alihamia tena, Afrika Kusini, na akafa Cape Town mwaka 2018 bila kuhukumiwa kwa lolote. Novemba 2024, uchunguzi wa jinsi Kanisa lilivyomshughulikia ulipochapishwa, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alitangaza kujiuzulu. Miaka arobaini na miwili kutoka ripoti ya siri hadi kujiuzulu. Waliompeleka huku, au waliomwacha aje, je, walifikiri kwamba mama wa Zimbabwe halii kama mama wa Uingereza?

Na Boito, kaunti ya Bomet, nchini Kenya, kilifunguliwa kituo cha watoto yatima mwaka 2008. Aliyekifungua, Gregory Dow, alijiita mmisionari. Miaka kumi na miwili kabla, huko Iowa, alikuwa amekiri mahakamani kosa la shambulio lenye nia ya udhalilishaji wa kingono. Wanakijiji wangejuaje? Walimwona mtu aliyetoka mbali kuja kulea watoto wasio na wazazi, walimshukuru Mungu. Februari 2021 mahakama ya Marekani ilimfunga miaka 15 na miezi 8 kwa aliyowatenda wasichana wale. Yatima kwetu ni mtu ambaye kumdhulumu ni kujiitia laana, dini zetu zote zinasema hivyo. Mtoto aliyezika mama, akazika baba, kisha akafiwa tena pale alipopelekwa kupata faraja: huyu tumwite nani?

Wako wanaodhani jambo hili ni la mapadre tu, na wengine wanalifurahia hivyo, kwa sababu linawapa adui wa kumnyooshea kidole. Lakini dini haikuwa sharti. Skauti wa Marekani walitunza kwa miongo majalada ya siri ya walezi waliotiliwa shaka. Walipoomba ulinzi wa kufilisika Februari 2020, madai yaliyofuata yalizidi 82,000. Huko Ujerumani shule ya Odenwaldschule, iliyosifiwa kwa malezi huru na ya kisasa, ilikuwa ikiongozwa na mwalimu aliyewadhulumu wanafunzi wake. Ilifungwa mwaka 2015. Larry Nassar alikuwa daktari wa timu ya taifa ya Marekani ya mazoezi ya viungo. Aliwadhulumu wasichana kwa jina la tiba, wakati mwingine mzazi akiwa chumba kilekile.

Kanisani, shuleni, uwanjani, kitu kimoja kilikuwa kilekile: palikuwa na jina jema la kulinda. Mashahidi wa Yehova wa Australia walikuwa na majalada ya watu 1,006 waliotuhumiwa tangu 1950. Tume ile ya Australia ilikuta kwamba kanisa lao halikuwa limepeleka hata mmoja polisi. Walikuwa wakiandika. Walikuwa wakitunza. Mtu fulani alilifungua kila jalada, akaweka tarehe, akalirudisha kabatini. Ni jambo linalonitisha kuliko kelele yoyote ya mtenda: mkono mtulivu wa karani anayejua.

Kwa maana hiyo taasisi zile nazo zilikuwa na msiba wao. Ziliogopa kufiwa na jina. Zikalikalia jina matanga kabla halijafa, zikaliwekea walinzi, zikalipia mawakili, zikalisalia. Jina likapata waombolezaji wengi na mtoto hakupata hata mmoja.

Nafikiria pia kile ambacho hakitajwi katika hesabu za fidia. Aliyedhulumiwa na mtu wa Mungu alipoteza nini zaidi? Kuna mtu mzima leo ambaye hawezi kusema Baba Yetu mpaka mwisho, kwa sababu neno la kwanza lina sura. Kuna mwingine aliyehifadhi juzuu nzima ya Qurani utotoni, maneno anayoyapenda, maneno anayoyaamini, ila kila aya inamjia kwa sauti ya yule aliyemfundisha. Afanye nini? Aiache aya kwa sababu ya sauti, au aivumilie sauti kwa sababu ya aya? Ubani, kengele, kofia nyeupe zilizopangwa kwenye rafu, harufu ya nta ya mishumaa: vitu ambavyo kwetu sote ni faraja, kwake ni ushahidi. Tunapomwambia aende akasali, moyo utulie, tunamtuma arudi mahali palepale alipoumizwa.

Na hatuna pengine pa kumtuma. Hapo ndipo penye upweke wenyewe. Kila msiba mwingine tunao mlango wa kuuegemea; huu umevunja mlango.

Najua kwetu yanavyosemwa. Yaishe kinyumbani. Tusiwape watu faida. Huyu mtoto ataolewa na nani? Mwalimu ana familia, mtu mwenyewe ameomba msamaha, sheikh ameingilia kati, mchungaji amewaombea wote wawili. Mbuzi anatolewa, au fedha, au ahadi. Kesi ikifika mahakamani shahidi haonekani. Mama mtu amesafiri, shangazi amesahau. Tanzania ina sheria kali tangu 1998, ya makosa ya kujamiiana, yenye kifungo cha miaka thelathini kwa mbakaji, na vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria inasubiri mtu aje aseme. Nyumbani kuna mtu amekaa mlangoni.

Ni rahisi kumlaumu mama huyo. Nimejaribu, na lawama inaishia katikati. Alimwambia mtoto, usimwambie mtu, huku akimwogesha, huku akilia, huku akimpaka mafuta. Alikuwa akiuficha uchi wa mwanawe kwa kanga pekee aliyokuwa nayo. Alijua kijiji kitamtazamaje mtoto yule njiani kwenda kisimani. Alijua mlalamikiwa anakula meza moja na mwenyekiti. Pengine alijua zaidi ya hapo. Pengine naye alikuwa msichana wa kazi mahali fulani, miaka fulani, na mama yake alimwambia maneno hayohayo. Upendo unapokosa nguvu, hugeuka kuwa kimya? Na mtoto, atautofautishaje upendo unaonyamaza na dharau inayonyamaza, wakati kimya cha vyote viwili ni kimoja?

Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi, na takriban mvulana mmoja kati ya saba, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Si wote mikononi mwa walimu au viongozi wa dini. Wengine ni jirani, wengine ndugu, wengine mtu wa njiani. Lakini tazama darasa. Tazama safu ya kofia nyeupe madrasani, tazama kwaya ya watoto Jumapili ya Matawi, hesabu mpaka saba, uanze tena.

Kwa wavulana hatuna hata lugha. Msichana akibakwa tunalo neno la kunong'ona. Mvulana akilawitiwa, jamii humgeuzia neno lilelile kama tusi, likamwandama uwanjani na kijiweni. Atasemaje, wakati kusema ndiko kunakomtia doa? Sishangai kwamba hata huko Australia wanaume ndio waliochelewa zaidi. Walikuwa wakitafuta neno lisilowaua.

Tarehe 22 Oktoba 2018 Waziri Mkuu wa Australia, Scott Morrison, aliomba radhi bungeni kwa niaba ya taifa lake. Ulikuwa umekwisha kuwekwa mpango wa fidia, isiyozidi dola 150,000 za Australia kwa mtu mmoja. Huko Ufaransa, tume iliyoongozwa na Jean-Marc Sauvé ilikadiria Oktoba 2021 kwamba watoto 216,000 walikuwa wamedhulumiwa na mapadre na watawa tangu 1950. Mwezi uliofuata maaskofu wa nchi ile walipiga magoti Lourdes. Sidharau magoti. Mtu aliyesubiri maisha yake yote kuona cheo kikipiga magoti, mimi ni nani nimwambie kuwa haitoshi? Ila hapo pana jambo lisiloshikika. Aliyeomba radhi si aliyetenda. Aliyetenda mara nyingi amekufa na heshima zake. Aliyeombwa radhi ana miaka sitini. Aliyestahili kuombwa alikuwa na miaka tisa. Maneno yanapita kutoka kwa mtu asiye yule kwenda kwa mtu asiye yule. Yanafika wapi?

Fidia nayo. Bei ya siku ambazo mtu hakuziishi inapigwaje? Nimesikia kwamba aliyepokea huambiwa, umepata haki yako, kana kwamba alikuwa akidai kiwanja.

Labda hakuna kinachorudi. Nalisema hili kwa kusita, maana tumezoea kumwambia mfiwa kuwa muda utamponya. Muda kwa watu hawa ulikuwa upande wa pili. Ulikuwa ukifanya kazi ya taasisi. Kila mwaka uliopita shahidi alikufa, jalada lilipotea, jengo lilipakwa rangi, mtuhumiwa alizeeka akaonewa huruma. Kama yupo aliyepata utulivu, kwa nilivyosoma maneno yao wenyewe, ulitokana na jambo dogo zaidi kuliko kupona. Kwamba mtu aliamini. Zaidi ya elfu moja wa walionusurika wa Australia waliandika ujumbe kwa nchi yao, ukakusanywa katika kitabu kinachotunzwa Maktaba ya Taifa ya Australia. Kitabu kimekaa kule kwenye rafu, mtu yeyote anaweza kukisoma. Haya yalitokea. Hawakuyaota.

Nawafikiria pia wale wanawake zaidi ya 150 waliozungumza mbele ya Jaji Rosemarie Aquilina, Michigan, Januari 2018, huku Larry Nassar aliyewadhulumu akikaa kizimbani akisikiliza. Walipoanza walikuwa wachache. Mmoja akimaliza, mwingine nyumbani alikuwa anamsikia, anajikuta anasema, hata mimi. Wakaongezeka siku hadi siku. Kusikilizwa kwao kulikwenda siku saba, na kwa siku zile saba hakuna aliyeachwa kusema peke yake. Mtu wa kwetu akiwatazama pale hahitaji kuelezwa walikuwa wakifanya nini. Hawakurudishiwa kilichochukuliwa. Walikaliwa matanga.

Kwetu, tume ya kitaifa ya namna ile ya Australia haijawahi kuundwa, si Tanzania, si Kenya, si Uganda. Hakuna aliyezunguka mikoani kufungua chumba, kuweka viti viwili na kusema, mzee wangu, mama yangu, uje utuambie ilikuwaje kule bwenini, kule misheni, kule chuoni, kule kituoni. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1970 leo ana miaka sitini na zaidi. Anasali nasi, anapanda daladala nasi, ana wajukuu. Hajaulizwa. Enyi maaskofu wetu, masheikh wetu, wakuu wa shule, wabunge: waulizeni wangali hai.